Chikungunya: Neno Lililotoka Newala

Wakubwa zangu shikamooni, na wengine habari za jioni.

Naomba tuanze na silabi moja tu: chi. Mara nyingi tunasoma kwamba "chikungunya", jina la homa inayoenezwa na mbu, ni neno la Kiswahili. Sivyo. Lingekuwa letu lingeanza na ki-, kama kifafa, kichomi na kipindupindu. Hiyo chi- ni ya Kimakonde, na kitenzi kilichomo ndani yake kinahusu kujikunja, kupinda mwili. Chikungunya ni kile kinachomkunja mtu.

Walioliita hivyo hawakuwa madaktari. Mwaka 1952 homa ilizuka juu ya uwanda wa Makonde, upande wa Newala, kusini mwa Tanganyika. Kule juu maji ni shida. Watu waliteremka bondeni kuyateka, kisha wakayahifadhi ndani ya nyumba, na mbu wa jamii ya Aedes, yule anayeuma mchana, huzaliana kwenye maji ya namna hiyo hiyo. Mtu alishikwa na homa ghafla, viungo vikamuuma hata asiweze kunyooka. Majirani wakataja walichokiona. Marion Robinson na W. H. R. Lumsden walipochapisha maelezo ya ugonjwa huo mwaka 1955, jina walilichukua kwa wagonjwa wenyewe. Ninawaheshimu kwa hilo.

Lakini Unguja nako kuna kisa, na mimi ndicho kinachonigusa zaidi. Mwaka 1870 homa ya viungo iliikumba Zanzibar. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu huko, aliwasikia wenyeji wakiiita kidinga pepo, na aliandika kwamba ilishawahi kupita huko karibu mwaka 1823. Wataalamu kadhaa wanaona kwamba "dengue", jina la homa nyingine ya mbu, imetokana na kidinga hiyo: ilivuka bahari hadi visiwa vya Karibi, na Wahispania wakaisikia kama neno lao lenye maana ya madaha, kwa kuwa mgonjwa hutembea kwa kujivuta kama anayeringa. Sisi leo dengue tunaiita kidingapopo, kwa hiyo neno limerudi nyumbani.

Sasa sikilizeni. Mwaka 1971 mtafiti Donald Carey alizipitia upya dalili alizoziandika Christie, akaona zinafanana zaidi na chikungunya. Kama ni hivyo, jina la Waunguja lilichukuliwa likapewa ugonjwa mwingine, na ugonjwa wenyewe ukakaa vitabuni bila jina lake mpaka Wamakonde walipoupa la kwao.