Namna ya Kuwasilisha Wasifu wa Wataalamu Wakuu katika Zabuni za Serikali

Assalamu alaykum watazamaji wetu wa Unguja na Pemba, na nyote mnaotufuatilia kutoka Bara. Video ya leo tumeiandaa kwa ajili ya kampuni ndogo za ushauri elekezi na za ukandarasi ambazo zina wataalamu wazuri, lakini kila zikiomba kazi ya Serikali huangushwa na alama za wataalamu hao hao. Nimekuwa nikiandaa maandiko ya zabuni hapa Unguja kwa muda mrefu, na nimeona mara nyingi mhandisi hodari akipewa alama chini ya anazostahiki, si kwa sababu haijui kazi, bali kwa sababu karatasi iliyomwakilisha haikusema kile ambacho kamati ya tathmini ilikuwa ikikitafuta. Wekeni mbele yenu nakala ya hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi inayotakiwa, za zabuni mnayoishughulikia, kalamu ya rangi na kalkuleta, kisha tuanze.

Hatua ya kwanza ni kufungua ukurasa wa vigezo vya tathmini kabla ya kugusa wasifu wa mtu yeyote. Katika nyaraka sanifu za Benki ya Dunia za kuomba mapendekezo ya washauri elekezi, ambazo tunakutana nazo katika miradi inayogharimiwa na benki hiyo kama ule wa Huduma za Miji Zanzibar uliojenga mitaro ya maji ya mvua Unguja, wataalamu wakuu hupangiwa alama kati ya 30 na 60 katika alama 100 za pendekezo la kiufundi, yaani sehemu ya andiko inayoeleza kazi itafanywa vipi na nani, bila ya bei. Alama za kila mtaalamu nazo hugawiwa mafungu: elimu na uzoefu wa jumla huchukua asilimia 10 hadi 20, kufaa kwake kwa kazi yenyewe huchukua asilimia 60 hadi 80, na uzoefu wa eneo, yaani lugha, utamaduni na kuujua mfumo wa utawala, hauzidi asilimia 10. Zabuni zinazolipiwa na fedha za Serikali yetu, chini ya Sheria ya Ununuzi na Uondoaji wa Mali za Umma Namba 11 ya 2016, huwa na vigezo vilivyoandikwa ndani ya nyaraka za kila zabuni, kwa hiyo msiuchukue mgawanyo wa zabuni moja mkauhamishia katika nyengine.

Angalieni tena fungu la katikati, lile la asilimia 60 hadi 80. Shahada na vyeti, ambavyo wengi wetu huvitanguliza na kuvitilia mkazo, vinaingia zaidi katika fungu dogo. Alama nyingi zimewekwa kwa mtu anayeonesha kwamba ameshaifanya kazi ya aina hii hii inayotangazwa.

Sasa chukueni karatasi mchore jedwali la safu tatu. Katika safu ya kwanza nakilini kila sharti la nafasi husika kama lilivyoandikwa, neno kwa neno. Katika safu ya pili andikeni kazi gani ya mtaalamu inayolithibitisha sharti hilo. Safu ya tatu ni ya ushahidi: cheti, barua ya ajira au barua ya kukamilisha kazi. Sharti lolote ambalo safu yake ya pili imebaki tupu ndilo la kushughulikia mwanzo, na kama ni sharti la lazima, ama mtafute ushahidi ama mtafute mtaalamu mwengine, kwa sababu maneno mazuri hayajazi nafasi hiyo.

Hatua ya pili ni ridhaa ya mtaalamu, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Miaka iliyopita nilikuwa nikisaidia ofisi moja kuandaa andiko la kazi ya usimamizi wa ujenzi. Tulikuwa na wasifu wa mhandisi mmoja, mtu mzima wa Wete, uliobaki katika kompyuta tangu zabuni ya nyuma, tukauingiza katika andiko jipya tukijiambia kwamba tutamjuulisha baadaye. Hatukumjuulisha. Kamati ilipompigia simu kuhakiki, alijibu ukweli kwamba hana habari ya kazi hiyo, na andiko letu likaondolewa. Niliposafiri kwenda kumuomba radhi alinikaribisha vizuri, kisha akaniambia, "Mwanangu, jina langu ndiyo mali niliyonayo, na wewe umelitia mahali bila ya kuniuliza." Tangu siku hiyo sijaingiza wasifu wa mtu bila ya kuzungumza naye, kumpa hadidu za rejea azisome, kumuuliza kama atakuwa na nafasi katika miezi ya kazi, na kupata saini yake. Muulizeni pia kama kuna kampuni nyengine iliyomuweka katika zabuni hiyo hiyo, maana jambo hilo linaweza kuziponza kampuni zote mbili.

Hatua ya tatu ni fupi: tumieni fomu iliyomo katika nyaraka za zabuni, si ile mliyoizoea. Kwa washauri elekezi katika nyaraka za Benki ya Dunia ni fomu TECH-6, na kwa kazi za ujenzi kuna fomu za wafanyakazi zinazoitwa PER. Msibadilishe vichwa vya habari wala mpangilio wake. Kazi huorodheshwa kuanzia ya sasa kurudi nyuma, na kila nafasi huwekewa mtu mmoja tu, bila ya mbadala.

Hatua ya nne ndiyo nitakayokaa nayo zaidi, nayo ni kuandika uzoefu. Mfano ninaouonesha kwenye skrini nimeutunga kwa ajili ya somo hili. Sharti linasema: "Mhandisi Mkaazi awe amesimamia ulazaji wa mabomba ya maji katika miradi isiyopungua miwili." Wasifu tulioletewa na mtaalamu unasema: "Amesimamia miradi mbalimbali ya maji kwa bidii na uadilifu." Isomeni sentensi hiyo kama mjumbe wa kamati ambaye ana maandiko manane mezani. Miradi gani? Wapi? Lini? Yeye alikuwa nani katika miradi hiyo? Mjumbe hawezi kutoa alama kwa jambo ambalo halikuandikwa, hata kama anamjua mhandisi huyo na alisoma naye skuli moja.

Sasa tuiandike upya: "Machi 2019 hadi Agosti 2020, miezi 18. Mhandisi Mkaazi, mradi wa usambazaji wa maji katika shehia sita za Wilaya ya Micheweni, Pemba. Alikagua ulazaji wa kilomita 22 za mabomba, alisimamia upimaji wa mabomba kwa mgandamizo wa maji kabla ya mitaro kufukiwa, alihakiki vipimo vya kazi kabla ya mkandarasi kulipwa, na aliandaa ripoti ya maendeleo kila mwezi." Hakuna sifa hata moja humo, lakini bidii yake inaonekana bila ya kutajwa. Kila kitenzi kinaeleza jambo alilolifanya kwa mkono wake mwenyewe. Jihadharini na neno "alishiriki", ambalo limejaa katika wasifu nyingi za hapa kwetu, kwa sababu aliyeshiriki anaweza kuwa msimamizi mkuu na anaweza kuwa mtu aliyeshika futi siku moja, na mjumbe akitia shaka atachagua maana iliyo ndogo.

Baada ya hapo, chukueni kalkuleta. Sharti la pili katika mfano wetu ni miaka 8 ya usimamizi wa miradi ya maji, na mhandisi ameandika juu kabisa kwamba ana "uzoefu wa zaidi ya miaka 10", kwa sababu amehesabu tangu alipohitimu. Kamati haihesabu hivyo, bali hujumlisha miezi iliyoandikwa. Januari 2012 hadi Disemba 2014 ni miezi 36. Julai 2015 hadi Juni 2018 ni miezi 36 mengine. Machi 2019 hadi Agosti 2020 ni miezi 18. Jumla ni miezi 90, sawa na miaka 7 na nusu, kwa hiyo mtu huyu ameanguka katika sharti ambalo yeye mwenyewe anaamini amelipita.

Tulipokaa naye na kumuuliza mwaka kwa mwaka, alikumbuka kwamba kuanzia Oktoba 2020 hadi Machi 2021 alisimamia uchimbaji wa visima na uwekaji wa pampu Makunduchi, akauacha mradi huo kwa kuuona mdogo. Hiyo ni miezi 6, na 90 ikiongezwa 6 inakuwa 96, yaani miaka 8 kamili. Barua ya kukamilisha kazi ilikuwamo ndani ya faili lake nyumbani. Ndiyo maana nasisitiza kwamba wasifu haukusanywi kwa ujumbe wa simu, bali mnakaa na mtu mkazungumza. Hata hivyo, kama miezi haitimii, isiongezwe. Kazi mbili zilizofanyika kwa wakati mmoja huhesabiwa mara moja, na mtaalamu anayetia saini fomu anathibitisha kwamba yaliyomo ni ya kweli, na uongo unaweza kumuondosha yeye na kampuni yenu.

Hatua ya tano ni lile fungu dogo la uzoefu wa eneo, ambalo wazabuni wa hapa hulipoteza kwa kudhani kwamba linajulikana lenyewe. Kama mtaalamu wenu amewahi kukaa na masheha kukubaliana njia ya bomba kupita katika mashamba ya watu, au ameandika ripoti kwa Kiswahili kwa ajili ya ofisi ya Mkuu wa Wilaya, yaandikeni hayo kwa tarehe na mahali. Mtaalamu anayetoka nje ya nchi mara nyingi hana la kuandika hapo, na nyinyi mnalo.

Hatua ya sita ni majina. Mtu mmoja anaweza kuwa Khamis katika kitambulisho chake cha Mzanzibari, Hamisi katika cheti cha kidato cha nne, na K. J. katika shahada. Sisi tunajua kwamba ni mtu huyo huyo, ila mjumbe wa kamati hatakiwi kubuni. Linganisheni herufi kwa herufi, na penye tofauti ambatanisheni hati ya kiapo. Angalieni pia kwamba usajili wa bodi ya taaluma haujamaliza muda wake.

Hatua ya mwisho ni kulinganisha wasifu na sehemu nyengine za andiko. Jina la nafasi katika wasifu liwe lile lile lililomo katika jedwali la timu, na miezi ya kazi ya kila mtaalamu iendane na ratiba. Kama ratiba inaonesha kwamba mhandisi atakuwa Pemba kuanzia mwezi wa pili hadi wa saba, wasifu wake usioneshe kwamba ameajiriwa kwa muda wote katika mradi mwengine miezi hiyo hiyo. Geuzeni kila wasifu kuwa PDF inayosomeka, si picha ya simu iliyopigwa kwa kivuli, ipeni faili jina la nafasi na la mtu, na mtumieni kila mtaalamu nakala ya kile mtakachokipakia katika mfumo wa zabuni wa mtandaoni siku mbili kabla ya muda wa mwisho, ili awahi kusema kama kuna neno ambalo si lake.