Waetruski: Maandishi Yanasomeka, Maneno Yamepotea

Ahsanteni. Wa nyuma mnanisikia? Haya, leo ni Waetruski, watu wa kale wa Italia ya kati, na naanza na njaa.

Herodotus, Mgiriki wa karne ya 5 KK, anasimulia kwamba Lydia, magharibi mwa Uturuki ya leo, ilipatwa na njaa ya miaka 18. Watu wakabuni michezo, dadu ikiwamo: leo wanacheza kutwa ili walisahau tumbo, kesho wanakula. Njaa ilipokuwa haikomi, mfalme akawagawa watu mafungu mawili na kupiga kura. Fungu moja likapanda vyombo pamoja na mwanawe, Tyrrhenus, likatweka hadi Italia. Hao, asema, ndio Waetruski. Sisi tunaofunga mwezi mmoja tunaona maajabu. Wenzetu miaka 18!

Miaka kama 400 baadaye, Dionysius wa Halicarnassus, mwanahistoria Mgiriki, akakataa. Lugha yao si ya Lydia, miungu yao siyo, sheria zao siyo. Hawa ni wenyeji, akasema, na wenyewe hujiita Rasenna.

Ubishi huo uliendelea mpaka juzi tu. Mwaka 2021 vilichapishwa vinasaba vya watu 82 waliozikwa Italia ya kati na kusini, kati ya 800 KK na 1000 BK. Waetruski walifanana na majirani zao Walatini, watu wa Roma na kandokando yake, na dalili ya wahamiaji wa karibuni kutoka Uturuki haikuonekana. Dionysius kashinda. Lakini hapo hapo fumbo likahama. Waetruski, kama Walatini, walikuwa na damu ya wafugaji wa nyika za mashariki, wale wanaodhaniwa kuzileta lugha mama za Kilatini na Kigiriki huko Ulaya. Kietruski hakimo katika ukoo huo. Kwa hiyo damu ya wageni iliingia, ila nyumbani watu waliendelea kusema lugha ya zamani. Mimi hilo linanishangaza kuliko safari yoyote ya baharini.

Msidhani hatuwezi kuwasoma. Herufi zao walizitoa kwa Wagiriki, wakaziandika kuanzia kulia, na leo mwanafunzi huzitamka bila taabu. Clan ni mwana wa kiume, sec ni binti, puia ni mke. Shida ni kwamba maelfu ya maandishi yaliyobaki mengi ni ya makaburini: fulani, mwana wa fulani, aliishi miaka kadhaa. Hebu fikirieni mtu ajifunze Kiswahili makaburini peke yake. Atajua “amezaliwa” na “amefariki”, ila mezani hataweza kuomba chumvi.

Maandishi marefu kuliko yote yalipatikana mwilini mwa maiti. Mwaka 1848 Mkroatia mmoja, Mihajlo Barić, alinunua Alexandria, Misri, mumia ya mwanamke, yaani maiti iliyokaushwa (si mumiani, tulieni). Vitambaa vya kitani alivyoviringishiwa vilikuwa na wino. Ikachukua zaidi ya miaka 40 mpaka mtaalamu Jacob Krall akatambua kuwa ni Kietruski: kitabu cha ibada, siku gani mungu gani apewe nini, kilichochanwa vipande vipande kikawa sanda. Yanasomeka maneno kama 1,200. Kipo Zagreb, Kroatia.

Wanawake je? Katika jumba la makumbusho la Villa Giulia, Roma, lipo jeneza la udongo wa kuchoma kutoka Cerveteri, mji wa Waetruski, la mnamo 520 KK. Juu yake mke na mume wamejiegemeza kwenye kitanda kimoja cha karamu. Mke amevaa kofia na viatu vyenye ncha iliyopinda juu. Mume yuko miguu mitupu, mkono wake begani mwa mkewe. Wote wanatabasamu. Wagiriki, ambao wake zao hawakuketi karamuni, waliliona jambo hili aibu tupu, wakawazushia Waetruski mengine ambayo hapa siyasemi, kuna watoto.

Nimalizie kwa dadu, maana ndiko tulikoanzia. Huko Tuscania, Italia, zilipatikana mbili za pembe za ndovu, na badala ya nukta, kila upande umeandikwa neno: thu, zal, ci, huth, mach, sa. Wataalamu wengi wanakubaliana kuwa thu ni moja, zal mbili, ci tatu, mach tano. Huth na sa bado wanazibishania: ipi ni nne, ipi ni sita? Kwa hiyo ukirusha ikaangukia huth, hujui kete uisogeze hatua ngapi.