Swichi tatu, taa moja, na kazi niliyoipata kwa kuigiza

Habari zenu wadau, karibuni tena. Leo sijapanga taa, hata nywele sijachana vizuri. Nimetoka kazini sasa hivi, nikaona nikisema nipumzike kwanza video itakufa. Kuna swali mmeniandikia wengi, hasa nyie vijana wa kompyuta huko nyumbani mnaoomba kazi za huku au hizi za kufanya kwa mbali: "Kaka, hivi bado wanauliza zile chemshabongo kwenye usaili? Nizikariri?"

Ngoja nianze kwa kukiri. Kazi yangu ya kwanza ya kuandika programu huku ughaibuni niliipata kwa kuigiza.

Nimekaa, mbele yangu wasaili wawili, mmoja anazungusha kalamu vidoleni. Akaniambia hivi: kuna chumba kina taa moja, mlango umefungwa. Nje kuna swichi tatu, moja tu ndiyo ya taa hiyo. Cheza na swichi utakavyo, lakini ukishafungua mlango huruhusiwi kuzigusa tena. Utaijuaje swichi yenyewe?

Sasa mimi swali lile nilikuwa nimelisoma wiki moja kabla. Unawasha ya kwanza, unasubiri dakika kadhaa, unaizima, unawasha ya pili, halafu unaingia. Taa ikiwa inawaka, ni ya pili. Ikiwa imezimika lakini ina moto, ni ya kwanza. Imezimika na ni ya baridi, ni ya tatu. Jibu lilikuwa mdomoni kabla hajamaliza kuuliza.

Nikafanyaje? Nikakunja uso. Nikaangalia dari. Nikachora vijumba vitatu kwenye karatasi, nikatoa jibu la uongo makusudi, nikalikataa mwenyewe, kisha nikajipiga paji la uso: "Aaah, joto!" Yule wa kalamu alitabasamu mpaka magego yakaonekana. Akaandika kitu. Kazi nikapata.

(Siku hizi hata jibu lenyewe limechacha. Kioo cha taa za LED hakipati moto kama balbu za zamani za waya. Utaipapasa usiambulie kitu.)

Niambieni, pale walipima nini? Walipima kama nimeuona ukurasa ule. Aliyeingia baada yangu, kama hakuuona, huenda alionekana mzito wa akili kuliko mimi. Na huenda alikuwa ananizidi mara kumi.

Mchezo huu si wa jana. Mwaka 1921 mvumbuzi Thomas Edison alikuwa akiwapa waombaji kazi mtihani wa maswali zaidi ya mia moja, ya kila aina. Maswali yakavuja magazetini, na Albert Einstein, aliyekuwa ziarani Marekani mwaka huohuo, akaulizwa mojawapo: kasi ya sauti ni kiasi gani? Akajibu kwamba kitu kama hicho hakibebi kichwani, kimo vitabuni. Basi huyo naye angekosa kazi.

Mafumbo yenyewe yalivuma zaidi miaka ya 1990 kupitia Microsoft. Kwa nini mifuniko ya mashimo ya majitaka barabarani ni ya duara? Jibu linalotarajiwa: duara haliwezi kutumbukia kwenye tundu lake. Sawa, ila pembetatu ya Reuleaux, ile yenye pande zilizovimba, nayo haitumbukii, na kuna msaili asiyeijua ambaye atakukata alama kwa kuitaja. Google nao mwaka 2004 waliweka bango kando ya barabara kuu kule Silicon Valley, kitovu cha kampuni za teknolojia Marekani, halina jina la kampuni, lina fumbo tu: namba tasa ya kwanza yenye tarakimu 10 inayopatikana mfululizo ndani ya e, ile namba ya hisabati inayoanza 2.718. Ni 7427466391. Ukiipata, inakupeleka kwenye tovuti yenye fumbo jingine. Lile bango nalipenda, nikiri, kwa sababu unakaa na kompyuta yako, unaandika programu ndogo, hakuna anayekukodolea macho.

Halafu 2013, Laszlo Bock, aliyekuwa akisimamia masuala ya wafanyakazi wa Google hiyohiyo, akaliambia gazeti la New York Times kwamba chemshabongo ni kupoteza muda. Hazitabiri chochote. Kazi kubwa ya chemshabongo, alisema, ni kumfanya msaili ajione ana akili.

Hapo kwenye kujiona ndipo aliponipata. Maana na mimi nimeshakaa upande wa pili wa meza.

Fumbo langu lilikuwa la daraja. Watu wanne, usiku, tochi moja ambayo hakuna anayevuka bila kuwa nayo, daraja linabeba wawili tu kwa mara moja. Mmoja huvuka kwa dakika 1, wa pili 2, wa tatu 5, wa nne 10. Wakivuka wawili, wanakwenda kwa mwendo wa aliye mzito wa kutembea. Wote wavuke kwa dakika chache iwezekanavyo. Wengi husema yule wa dakika 1 awasindikize wenzake mmoja mmoja, inatoka 19. Jibu ni 17: wanatangulia wa 1 na 2, wa 1 anarudisha tochi, wazito wawili wanavuka pamoja, wa 2 anairudisha, wepesi wanamalizia.

Akaja jamaa mmoja, mtu mzima kidogo, mtulivu. Mwanzoni alinieleza alivyohamisha hifadhidata nzima ya kazini kwake kwenda kwenye mfumo mpya huku wateja wanaendelea kuitumia. Nikasema "vizuri sana" nikafunua ukurasa. Nikamtegea daraja langu. Akafika 19, akanieleza kwa utaratibu kwa nini. Nikamwambia, "Una uhakika?" Jamani, ile "una uhakika" niliisema kwa utamu. Niliona shingo inamlowa jasho na sikumwonea huruma. Nilikuwa nasubiri aseme "nipe mji" ndipo nimpe jibu, nionekane.

Miezi baadaye nilipokuwa napanga makabrasha nikaikuta karatasi yangu ya siku ile. Usaili wa dakika 45. Nilikuwa nimeandika maneno mawili: "Hakufika 17." Na kazi tuliyokuwa tunaajiri ilikuwa nini? Kuhamisha hifadhidata.

Najua wapo watakaoniambia, kaka, tunauliza fumbo ili tuone mtu anavyofikiri, jibu si muhimu. Nami nilikuwa nasema hivyohivyo. Ila fumbo la hila moja halina njia ya kufikiri unayoweza kuifuata. Ama hila imekujia ama haijaja, kati yake ni ukimya. Na ukimya wa mtu anayetazamwa ni kitu kingine kabisa. Mwaka 2020 watafiti wa North Carolina State University na Microsoft walichukua wanafunzi 48 wa kompyuta wakawapa swali la kuandika programu ubaoni. Wengine walisimama mbele ya msaili huku wakieleza kwa sauti, wengine waliachwa peke yao chumbani. Waliotazamwa, ufanisi wao ulishuka kwa zaidi ya nusu. Wanawake waliotazamwa hakuna hata mmoja aliyepata. Wanawake walioachwa peke yao walipata wote. Ni watu wachache, sisemi ndiyo hukumu ya dunia nzima, lakini tangu niisome nimeacha kumsimamia mtu kichwani.

Na angalieni, lile halikuwa fumbo la taa. Lilikuwa swali la programu halisi. Kwa hiyo hata kampuni zilizoacha mafumbo zikahamia maswali ya algorithimu, yaani hatua za kutatua tatizo kwa kompyuta, ubaoni, ugonjwa umebadilisha nguo tu. Mwaka 2015 Max Howell, aliyeunda Homebrew, programu ya kusakinishia programu nyingine kwenye Mac, alilalamika hadharani kwamba Google wamemkataa, wakati wahandisi wao wengi wanatumia kitu chake, kwa sababu hakuweza kugeuza ubaoni mti wa bainari, ule mpangilio wa data unaogawanyika matawi mawili mawili.

Kuna aina moja naitetea, na hapa tutagombana: maswali ya kukadiria. Mwanafizikia Enrico Fermi alijulikana nayo, lile la mafundi wa kurekebisha piano Chicago wako wangapi. Hili linafanana na kazi yetu. Juzi tu tulikuwa tunajadili seva, kompyuta inayohudumia watumiaji wa programu. Watumiaji milioni 1, simu ya kila mmoja inaiomba seva kitu mara 20 kwa siku, hiyo ni milioni 20. Siku ina sekunde 86,400. Unagawanya, unapata kama 230 kwa sekunde. Lakini watu hawatumii simu saa tisa usiku sawa na saa mbili jioni, zidisha mara tatu, jiandae kwa 700. Dakika mbili, bila kikokotoo, na tayari unajua seva moja ya kawaida huenda ikatosha. Muulize hivyo mtu, ataongea, utamsikia anavyopanga mambo. Ila usimuulize mipira ya gofu mingapi inajaa kwenye ndege, muulize kuhusu seva.

Haya, nyie mnaokwenda kusailiwa. Soma mafumbo kumi hivi yanayojulikana, jioni mbili zinatosha, kisha achana nayo, rudi kuandika programu. Ukikutana na unalolijua, sema unalijua. Mimi sikusema, nisiwadanganye, na mpaka leo nikiona swichi tatu zimepangana ukutani naona aibu kidogo. Usilolijua, eleza ulichojaribu na kilipokwama, halafu rudisha maongezi kwenye kazi: "Hapa kwenu tatizo la namna hii linatokea wapi?" Asiyeweza kujibu hilo, na wewe umeshamsaili.

Mimi siku hizi nampa mtu programu ya mistari kama 60 iliyoharibika, nampa kompyuta na intaneti, natoka nje nusu saa, nikirudi tunaisoma pamoja. Nimeiharibu mwenyewe kwa makosa mawili. Wiki iliyopita binti mmoja akaniambia amepata matatu. Nikamwambia hapana, ni mawili. Akageuza kompyuta kwangu, akaniwekea kidole kwenye mstari wa 41.

Yalikuwa matatu. Kesho asubuhi anaanza kazi, na mimi ndiye wa kumpokea, kwa hiyo naenda kulala. Maoni nitayasoma kesho usiku.