Kazi ya Kufikiri ni ya Mwanafunzi

Walimu wenzangu, nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kuzungumza nanyi kuhusu jambo ambalo limenishughulisha kwa miaka yote niliyofundisha, nalo ni namna ya kumfanya mwanafunzi ajifunze kwa kutenda badala ya kusikiliza tu. Wengi wetu tunaziita mbinu shirikishi. Jina hilo halina kosa, ila limezaa dhana ambayo ningependa tuiondoe mapema, kwamba darasa likishagawanywa katika vikundi na sauti zikasikika, basi ushiriki umepatikana. Nimeona vikundi vya wanafunzi sita ambamo mmoja anaandika, mwingine anaamuru na wanne wanasubiri kengele. Inayotakiwa kushughulika ni akili, na akili yaweza kufanya kazi nzito mwanafunzi akiwa amenyamaza, kalamu mkononi.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Eric Mazur, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard. Alikuwa mhadhiri aliyesifiwa, na wanafunzi wake walikokotoa hesabu ngumu bila taabu, lakini alipowapa maswali mepesi ya kupima uelewa wa dhana za msingi, mmoja wao akamwuliza iwapo ajibu kama alivyofundishwa au kama anavyofikiri mwenyewe. Swali hilo lingemtikisa mwalimu yeyote. Kuanzia mwaka 1991 Mazur alibadili utaratibu: anaeleza kwa muda mfupi, anauliza swali lenye majibu ya kuchagua, kila mwanafunzi anajibu peke yake, kisha anamgeukia jirani aliyechagua jibu tofauti na kujaribu kumshawishi kwa hoja, na baadaye wote wanajibu tena. Naomba mzingatie ile hatua ya kujibu peke yako, kwa sababu ndiyo tunayoiruka mara nyingi. Mwanafunzi ambaye hajachagua jibu hana cha kutetea, na mazungumzo yake na jirani huishia kwenye kukubali tu.

Uzito wote, basi, unaangukia kwenye swali lenyewe. Nikiuliza, «Kani ni nini?» nitapata sentensi iliyokaririwa. Lakini nikiuliza ni kani gani inayolivuta jiwe lililorushwa juu wima, pale linapofika kileleni na mwendo wake kuwa sifuri, tukiuacha kando ukinzani wa hewa, darasa litagawanyika papo hapo. Wapo watakaosema hakuna kani yoyote, wapo watakaosema bado lina nguvu ya mkono uliolirusha, na wachache watasema ni kani ya uvutano peke yake, ileile iliyokuwapo tangu jiwe lilipotoka mkononi. Kila jibu lisilo sahihi hapa limebeba fikra ambayo mwalimu anahitaji kuijua, na maandalizi yangu siku hizi huchukua muda mrefu zaidi kutafuta swali la namna hiyo kuliko kuandika maelezo ya ubaoni.

Swali zuri nalo linaweza kuuawa kwa haraka zetu. Katika miaka ya 1970, Mary Budd Rowe, mtafiti wa elimu ya sayansi kutoka Marekani, aligundua kwamba walimu, baada ya kuuliza, husubiri kwa wastani wa sekunde moja hivi kabla ya kumtaja mwanafunzi, kurudia swali au kulijibu wenyewe. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, na wanafunzi waliozoea kunyamaza wakaanza kujitokeza. Sekunde tatu ni ndefu mno kwa mwalimu aliyesimama mbele ya darasa lililo kimya. Mimi hulazimika kuzihesabu moyoni.

Kuhusu matokeo, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014 na Scott Freeman na wenzake, uliounganisha tafiti 225 za masomo ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati katika vyuo vikuu, ulionyesha kuwa wastani wa waliofeli ulikuwa takribani asilimia 34 kwenye mihadhara ya kawaida na asilimia 22 pale mbinu hizi zilipotumika. Sioni namna ya kuipuuza tofauti hiyo.

Hata hivyo, msitarajie kushangiliwa. Utafiti uliofanywa Harvard na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba wanafunzi waliojifunza kwa kutenda walipata alama za juu zaidi, ilhali wao wenyewe walihisi wamejifunza kidogo kuliko wenzao waliosikiliza mhadhara uliotiririka vizuri. Kuhangaika na swali huchosha, na uchovu huo mwanafunzi huudhania kuwa ni kutoelewa. Ndiyo maana katika kipindi cha kwanza kabisa mimi huwaeleza wanafunzi wangu jambo hili waziwazi, huwaonyesha matokeo hayo, na baada ya jaribio la kwanza tunakaa pamoja kulinganisha alama zao na jinsi walivyodhani wameelewa.