Kadutu Haikimbiwi kwa Saa
Mhadhara kwa wakimbiaji wa mbio ndefu waliovuka miaka 50, Bukavu

Baba zangu, mama zangu, na ninyi vijana mliokuja kuwasindikiza wazazi wenu, karibuni.

Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema jambo hili barabarani, uwanjani, hata msibani, na bado Jumapili iliyopita nilimwona mzee mmoja wa kundi letu akipanda Kadutu, mtaa wetu wa mlimani, huku jicho halibanduki kwenye saa ya mkononi. Kwa hiyo nalisema tena, na leo nitalisema kwa kirefu. Mkimbiaji mwenye umri wetu ambaye bado anataka kushindana aongoze mazoezi yake kwa juhudi anayoihisi mwilini, yaani kwa pumzi, kwa miguu, na kwa uwezo wake wa kuzungumza huku anakimbia. Saa imweleze baadaye alichokifanya. Isimwamrishe angali anakifanya.

Niruhusuni niwasimulie habari ya rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 61. Alikuwa ameletewa saa inayohesabu mapigo ya moyo, naye, kwa kuwa ni mtu wa hesabu, alichukua ile kanuni inayojulikana kila mahali ya 220 ukitoa umri, akapata 159, yaani mapigo ya juu kabisa ambayo moyo wake ungefikia kwa dakika, kisha akajipangia kwamba siku za mazoezi mepesi moyo wake upige mara 120 kwa dakika. Asubuhi moja tulianza pamoja Muhumba, ukingoni mwa ziwa Kivu, tukaelekea mjini, tukaanza kupanda. Saa ikasema 104. Akaongeza mwendo. Ikasema 108. Akaongeza tena. Mimi nilikuwa nyuma yake hatua tatu, nikasikia pumzi yake imebadilika: ilikuwa haitoki tena puani, ilikuwa inatoka mdomoni kwa vipande, kama mtu anayepandisha bidoni mbili za maji kutoka bondeni. Nilimuuliza habari za mjukuu wake aliyezaliwa juma lile, jambo ambalo kwa kawaida angelieleza hadi tufike kileleni. Alinijibu kwa mkono tu. Hatua chache mbele alishika ukuta wa duka, midomo imempauka, na mama mmoja muuza mandazi akamsogezea kigoda chake mwenyewe. Nilimshika mkono, nikatazama ile saa. Ilikuwa inasema 112.

Kumbe alikuwa ameanzishiwa dawa za shinikizo la damu, za ile aina inayouzuia moyo usiende mbio. Dawa ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa, na wala asitoke mtu hapa akaiacha dawa yake kwa sababu ya maneno yangu. Lakini moyo uliozuiliwa na dawa hauwezi kufikia hesabu ya mtu asiyeitumia, na mwalimu wangu alikuwa anaifukuza hesabu hiyo. Mwili ulimwambia ukweli mara tatu: kwa pumzi, kwa mapaja, na kwa swali aliloshindwa kulijibu. Yeye aliisikiliza saa.

Mtaniambia kwamba hiyo ni habari ya wagonjwa, ninyi ni wazima. Haya, tuwaache wagonjwa. Kanuni ya 220 ni wastani wa watu wengi, na kuna nyingine iliyotolewa mwaka 2001, ya 208 ukitoa sehemu 7 za kumi za umri, ambayo kwa mwenye miaka 60 inatoa 166 badala ya 160. Zote mbili ni wastani. Watu wawili wenye miaka 60, wote wazima, wanaweza kupishana kwa mapigo 20 katika kile kilele cha moyo, na kanuni haijui wewe ni yupi kati yao. Ongezeni joto, kulala saa nne tu usiku kucha, homa ya malaria iliyotoka juzi: moyo unapanda ingawa mwendo ni uleule.

Na mwendo wenyewe, je? Hapa ndipo uvumilivu unaponiishia. Ratiba mnazochukua kwenye intaneti zimeandikwa kwa watu wa tambarare. Sisi ziwa letu tu, ambalo ndilo bonde letu, liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo kila njia inapanda. Kusema utakimbia kila kilomita kwa dakika tano Bukavu ni kusema utajiua kwenye mpando na kulala kwenye mteremko. Juhudi ikibaki moja, mwendo utapungua ukipanda na kuongezeka ukishuka, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Tena kuna wanaosema kwamba hisia hudanganya. Hisia ya asiyejifunza hudanganya, nakubali. Msweden mmoja, Gunnar Borg, mtaalamu wa saikolojia, alitengeneza kipimo cha juhudi inayohisiwa, kinachoanzia 6 hadi 20, na hakuichagua 6 ovyo: kwa kijana mzima, namba ukiizidisha kwa kumi inakaribia mapigo ya moyo wake. Kwetu sisi wazee kule kuzidisha hakufai tena, lakini namba zenyewe zinafaa sana. Kwenye 11 unasimulia habari nzima bila kukata. Kwenye 13 unasema sentensi, unavuta pumzi, unaendelea. Kwenye 17 unatoa neno moja, na hulitoi kwa furaha. Jifunzeni miezi mitatu, kila siku mkisema namba kwa sauti kabla ya kutazama saa, na hisia itanyooka.

Siku nyingi za juma ziwe 11. Hapa ndipo wazee wengi hukataa, kwa sababu mwendo wa 11 wa leo ni wa polepole kuliko ule wa miaka yao 40, nao wanaona aibu vijana wakiwapita. Uwezo wa mwili kutumia hewa hupungua kadiri umri unavyokwenda. Anayefanya mazoezi hupoteza kidogo kuliko anayekaa, lakini hupoteza. Ed Whitlock wa Kanada alikuwa akizunguka makaburini karibu na nyumbani kwake, polepole, hadi saa tatu kwa siku, bila kocha. Mwaka 2004, akiwa na miaka 73, alikimbia marathoni ya Toronto kwa saa 2, dakika 54 na sekunde 48. Mwaka 2016, akiwa na miaka 85, alitumia saa 3, dakika 56 na sekunde 34. Mazoezi yake marefu yalikuwa ya polepole, na ukali wote aliuweka kwenye mashindano, ambayo alishiriki mara nyingi.

Naona muda umekwisha na sijagusa siku ngumu. Kwa ufupi: moja kwa juma inatosha, mbili kama unalala vizuri, na baada yake subirini hata siku tatu, kwa maana misuli yetu hujirekebisha polepole. Mbadilishe kasi kwa kuhisi, kama walivyofanya Wasweden na fatleki yao, yaani mchezo wa kasi, tangu miaka ya 1930. Siku ya mashindano kilomita ya kwanza itaonekana nyepesi mno, msiiamini. Mazoezi ya nguvu za miguu tutayazungumza siku nyingine.

Jumamosi saa kumi na moja na nusu alfajiri tukutane Nyawera. Saa ziachwe nyumbani. Mwalimu wangu, ambaye sasa ana miaka 66 na bado anatumia dawa yake, ndiye atakayetangulia kupanda, na yeyote atakayempita itabidi anisimulie habari za wajukuu wake hadi juu.