Aliyekosa kidogo na aliyekosa sana hawawezi kupata alama moja

Haya jamani tuanze, hili nimeshalisema sana na leo hapa Dodoma nalirudia, maana bado watu wanapima utabiri wa msimu kama wanapima rangi za mashati. Mafungu matatu ya mvua, chini ya wastani, wastani, juu ya wastani, hivi vitu vimepangana! Huwezi kutoka chini ukafika juu bila kupita katikati.

Chukueni watabiri wawili, wote wamesema asilimia 30 mvua itakuwa chini ya wastani. Wa kwanza kaweka 60 kwenye wastani na 10 juu, wa pili kageuza, 10 kwenye wastani, 60 juu. Aprili imeisha, mvua imekuwa chini. Alama ya Brier, ile njia ya 1950 ya kupima utabiri, kwa kila fungu inachukua tofauti ya ulichotabiri na kilichotokea (fungu lililotokea ni 1, mengine 0), inaizidisha yenyewe kwa yenyewe, inajumlisha: 0.49, 0.36, 0.01. Wote 0.86! Na hapa alama ndogo ndo nzuri.

Mimi nina mama mdogo Bahi, ana majaruba ya mpunga na kipande cha juu cha mtama. Akimsikiliza wa kwanza anapanda mtama wake kama kawaida na jaruba moja tu, mvua ikipungua anavuna madebe machache lakini watu wanakula. Akimsikiliza wa pili anakopa, analipia trekta, anaweka mpunga majaruba yote, na mwaka mmoja Machi nimeyaona mwenyewe, udongo umepasuka mpaka kiganja kinaingia. Nani aende akamwambie hao wawili wamekosa sawa?

Epstein, mtaalamu wa hali ya hewa, 1969 akasema limbikiza kwanza, yaani jumlisha mafungu kuanzia chini kwenda juu. Wa kwanza ana 0.3 halafu 0.9, wa pili 0.3 halafu 0.4, kilichotokea ni 1 na 1. Piga tofauti zilezile: wa kwanza 0.50, wa pili 0.85. Asiyejua kitu, anayegawa theluthi theluthi, anapata 0.56, kwa hiyo wa kwanza kamshinda, wakati kwa Brier asiyejua angepata 0.67 na kumpita!

Najua kuna wanaotumia alama ya logarithimu, watasema tuangalie tu asilimia uliyoweka pale ilipotokea. Kwa vitu visivyo na mpangilio, sawa, sigombani nao. Kwa mvua hapana, ile 70 iliyobaki umeiweka wapi nayo ni utabiri, mkulima anailimia.

Muda naona umeisha. Haraka tu: msimu mmoja haumhukumu mtu, chukueni wastani wa misimu mingi, na kesho kila mtu aje na daftari la mvua la kituo chake tukokotoe.