Ombi Moja, Watoto Wawili Wamebaki

ELIA: Karibuni tena, wasikilizaji. Tuko Sakina, Arusha, mimi Elia na dada Neema. Dada, leo una jambo la nyumbani.

NEEMA: La mdogo wangu wa Ngaramtoni, na ameniruhusu nilisimulie. Aliolewa na Mmarekani, ndoa ya bomani, zile siku 21 za tangazo na kila kitu. Mume akarudi kwao akajaza fomu I-130 ya kumwombea mkewe kuhamia Marekani. Sasa, mdogo wangu alishakuwa na watoto wawili kabla, wa kiume ana miaka 16, wa kike 9. Mume akaandika majina yao kwenye ile fomu, sote tukajua yamekwisha.

ELIA: Na si yamekwisha? Mama akipata viza, watoto si wanamfuata?

NEEMA: Hapana, Elia. Mke wa raia hakai kwenye foleni ya viza zenye idadi maalumu kwa mwaka, na hiyo ni nafuu kubwa. Ila ombi lake halibebi watoto. Kila mtoto anatakiwa aombewe kwa I-130 yake, na ada yake. Kuandikwa jina kwenye fomu ya mama si kuombewa.

ELIA: Lakini nimeshaona watu wanaondoka na watoto wao kwa ombi moja.

NEEMA: Uliza mume alikuwa nani. Akiwa na grini kadi tu, yaani kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja, hajawa raia, watoto wanaingia kwenye ombi la mama yao. Ndiyo maana watu wanashauriana vibaya, kila mmoja anasimulia ya kwake. Mdogo wangu alielekezwa na mtu wa kujaza fomu hapa mjini, akamwambia watoto watafuata tu. Tukaja kujua wakati wa kutuma vyeti.

ELIA: Na hao si watoto wa damu wa huyo mume.

NEEMA: Wa kambo wanakubalika, mradi ndoa ilifungwa kabla mtoto hajafika miaka 18. Huyu kijana yuko salama hapo. Halafu ombi lake likishapokelewa kabla hajatimiza 21, umri wake unahesabiwa wa siku ile, hata mambo yakichelewa. Asioe tu. Na mama mwenye kijana wa miaka 17, kama yeye anapanga kuolewa mwakani, aangalie kalenda leo.

ELIA: Udhamini wa fedha je?

NEEMA: Hapo nako. Mume anasaini fomu I-864, kipato chake kifike asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha serikali yao, na kiwango hicho kinapanda kadiri watu wa nyumba wanavyoongezeka. Alikuwa amepiga hesabu ya mke peke yake. Ikabidi dada wa huyo mume asaini naye kama mdhamini wa pili. Hilo linaruhusiwa, awe raia au mwenye grini kadi anayeishi kule.

ELIA: Vyeti vya kuzaliwa mlivipata?

NEEMA: Cha binti kipo tangu akiwa mchanga. Cha kijana tulikiomba RITA, wale wa serikali wanaosajili vizazi, juzijuzi tu, na cheti kilichoandikishwa miaka 16 baadaye lazima mtu akitilie shaka. Mama yetu alikuwa ametunza kadi ya kliniki na cheti cha ubatizo ndani ya sanduku la vitenge. Nililia nilipoviona, kweli. Jina la mama kwenye ubatizo limekosewa herufi moja, kwa hiyo tukaenda kwa wakili kula kiapo.

ELIA: Kwa hiyo mdogo wako sasa yuko wapi?

NEEMA: Yuko Ngaramtoni. Angeweza kutangulia, karatasi zake zilikuwa zinakaribia. Mume akamwambia aje, watoto watafuata. Akakataa. Mimi mwenyewe nilimwambia aende, na leo nasema nilikosea. Yule binti analala na mama yake kila siku. Maombi mawili ya watoto yameshapokelewa, na risiti ziko mezani kwa mama.